Pumzi ya ng'ombe na pumzi ya kimelea: neno 'upumuaji' limebeba mzigo mzito mno

KATIKA vitabu vya sayansi vilivyoandikwa kwa Kiswahili, hususan vile vya nchi jirani ya Tanzania, neno 'upumuaji' limetwikwa dhana mbili kwa mpigo. Dhana ya kwanza ni ile aijuayo kila mtu: kifua kinapanda, hewa inaingia, kifua kinashuka, hewa inatoka. Dhana ya pili haina kifua wala pua. Ni kazi ya kikemia inayofanyika ndani ya karibu kila seli ya mwili, usiku na mchana, ya kutoa nishati kutoka kwa chakula kwa msaada wa oksijeni. Wataalamu walipoiona shida hiyo waliongeza kiungo kidogo na kusema 'upumuaji wa seli', kisha wakaendelea na mambo mengine.

Mimi nasema kiungo hicho hakitoshi. Tazama ukoo wa neno lenyewe. Tuna pumua, pumzi, pumzika, pumziko na pumu. Wote hao makao yao ni kifuani. Mtu akipumzika anatua mzigo ili pumzi imrudie. Mwenye pumu kifua kinambana. Aliyefariki tunasema amekata pumzi. Sasa mwambie mtu aliyelelewa na ukoo huo wa maneno kwamba chembe isiyoonekana kwa macho, isiyo na mapafu wala pua, nayo inapumua. Atakuitikia kwa adabu, lakini akilini ameshaona pua.

Mjadala huu si wa wanafunzi wa isimu peke yao. Huku kwetu Nakuru una ng'ombe ndani yake.

Mwaka jana jirani yangu mmoja, mkulima wa upande wa Rongai, alikuwa na ng'ombe wa aina ya Friesian aliyekuwa akikamuliwa vizuri tu. Ng'ombe akaanza kususia majani, joto likapanda, na tezi za chini ya masikio zikavimba kama maembe. Mzee akajua mara moja kwamba ni ndigana. Akamwita daktari wa mifugo, binti aliyehitimu si zamani, naye akamdunga ng'ombe sindano ya kwanza shingoni na kuahidi kurudi baada ya siku mbili kuongeza ya pili, kwani ugonjwa ulikuwa umeshakomaa. Aliporudi alimkuta ng'ombe anahema, shingo ameinyoosha mbele, mdomo wazi. Mzee akauliza dawa ile inafanya kazi gani hasa. Daktari, kwa nia njema kabisa na kwa Kiswahili chake cha darasani, akamjibu: "Mzee, hii dawa inazuia upumuaji wa kimelea."

"Daktari," mzee akasema, "huyu ng'ombe unamwona anavyotafuta pumzi, halafu wewe unaniletea dawa ya kuzuia kupumua?"

Alikataa sindano ya pili. Ng'ombe alikufa alfajiri ya siku iliyofuata, povu jeupe likimtoka puani. Siwezi kuapa kwamba sindano ile ingemwokoa, kwa sababu maji yakishajaa mapafuni dawa nyingi hufika zimechelewa. Lakini mzee aliponisimulia kisa hicho aliniuliza swali ambalo sijaacha kulitafuna: "Mwalimu, ni nyinyi watu wa Kiswahili mliotuletea neno hilo?"

Basi tulieleze jambo lenyewe, tuone maneno yanakwama wapi.

Ndigana kali, ambayo Wazungu waliita homa ya pwani ya mashariki, husababishwa na kimelea cha seli moja kiitwacho Theileria parva. Jina hilo la pwani lina kichekesho chake, maana ugonjwa huu unawaua ng'ombe wa bara kuliko wa Mombasa. Lilitokea kusini mwa Afrika mnamo 1901 na 1902, pale ng'ombe walioletwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki walipofika Rhodesia na ugonjwa. Arnold Theiler, daktari wa mifugo aliyefanya kazi Afrika Kusini, ndiye aliyekipambanua kimelea hicho mwaka 1904, na baadaye kikapewa jina lake. Wamaasai wanaujua ugonjwa huu kwa jina la oltikana, na sikio langu linasikia undugu wa karibu sana kati ya oltikana na ndigana.

Anayekisafirisha kimelea ni kupe wa kahawia anayependa kunyonya ndani ya sikio la ng'ombe. Ndani ya ng'ombe, Theileria huingia katika chembe nyeupe za damu, zile zilizo askari wa mwili, na badala ya kuziua huzilazimisha zigawanyike bila kikomo, karibu kama saratani. Kila askari anapogawanyika, kimelea nacho hugawanyika pamoja naye, nusu huku nusu kule. Hiyo ndiyo sababu ya tezi kuvimba. Mwishowe maji huvuja na kujaa mapafuni, na ng'ombe huzama akiwa nchi kavu. Hapo ndipo neno pumzi linapoingia kwa maana yake ya kwanza, ile ya kifua.

Nyati hubeba vimelea hivi bila kuugua sana, na sisi tunaoishi karibu na mbuga ya Ziwa Nakuru au na mashamba ya Naivasha tunajua kwamba nyati si hadithi ya mbali. Ng'ombe wetu wa kienyeji, wale zebu, wana uvumilivu kiasi wakizaliwa mahali penye kupe. Friesian na Ayrshire, ambao ndio uti wa mgongo wa biashara ya maziwa katika Bonde la Ufa, hawana.

Sasa tuingie ndani ya seli, kwenye maana ya pili.

Karibu kila seli yenye kiini, iwe ya mkulima, ya ng'ombe, ya kupe au ya Theileria, ina vijumba vidogo viitwavyo mitokondria. Jina hili lilibuniwa na Mjerumani Carl Benda mwaka 1898 kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja likiwa na maana ya uzi na jingine chembe, kwa kuwa katika hadubini yake alivyoviona vilifanana na nyuzi zilizotungwa punje. Kazi kubwa ya vijumba hivi ni kuvuna nishati. Chakula, kiwe ugali au majani ya Napier, kikishameng'enywa na kuvunjwavunjwa, kinachobaki cha thamani ni elektroni, zile chembe ndogo mno zenye chaji hasi. Elektroni hizo hupitishwa katika vituo vilivyozama kwenye utando wa ndani wa mitokondria. Wataalamu wamevipa vituo hivyo namba: cha kwanza, cha pili, cha tatu na cha nne.

Vituo vya kwanza na vya pili hupokea elektroni zinazotoka kwenye chakula na kuzipakia katika molekuli iitwayo ubikwinoni. Ubikwinoni ni kama matatu: inabeba abiria wawili tu, yaani elektroni mbili, na inatembea ndani ya utando hadi kituo cha tatu. Kutoka hapo elektroni hubebwa na chombo kingine hadi kituo cha nne, na mwisho wa safari kuna oksijeni inayozipokea na kugeuka maji. Hapo ndipo zile maana mbili za upumuaji zinapokutana. Oksijeni tunayoivuta kwa pua inahitajika ili kuwe na mtu wa kupokea abiria mwisho wa njia. Asipokuwapo wa kupokea, foleni inarudi nyuma hadi mwanzo wa barabara.

Elektroni zinapopita, vituo husukuma protoni kutoka upande mmoja wa utando hadi mwingine. Protoni hurundikana upande huo na kutaka kurudi, kama mvuke uliobanwa chini ya ardhi kule Olkaria. Na kama vile Olkaria mvuke ukipewa njia moja tu ya kutokea unazungusha mtambo, protoni nazo hurudi kupitia mtambo mdogo ajabu ambao kwa hakika huzunguka, na mzunguko huo ndio unaotengeneza ATP, sarafu ya nishati ambayo seli hulipia kila kitu. Peter Mitchell, Mwingereza aliyetoa wazo hili mwaka 1961, alibishiwa kwa miaka mingi kabla ya kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1978.

Ugonjwa wa jirani yangu na dawa yake vinakutana kwenye kituo cha tatu, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Kituo cha tatu si protini moja. Ni protini kadhaa zilizounganishwa zikafanya kazi kama kitu kimoja. Cha ng'ombe kina protini 11, na kizima hujirudia mara mbili kama mapacha waliokumbatiana. Tunalijua hilo kwa undani kwa sababu ng'ombe mwenyewe alitoa moyo wake: mwaka 1997 watafiti wa Marekani, Di Xia na wenzake, walichapisha umbo la kituo hiki walilolipata kutoka kwenye mitokondria ya moyo wa ng'ombe. Misuli ya moyo haina mapumziko, kwa hiyo imejaa mitokondria tele.

Kila moja ya protini hizo 11 tutaiitaje kwa Kiswahili? Nimeona 'kijisehemu', nimeona 'kipande', na mahali pamoja nimeona 'nusu-kitengo', ambalo nadhani mwandishi mwenyewe hakulipenda. Mimi napendekeza tusiende mbali. Wanaisimu wa Kiswahili tunalo neno 'kiambajengo'. Katika sarufi, kiambajengo ni kijenzi kinachoungana na vingine kujenga sentensi, kila kimoja kikiwa na umbo lake na kazi yake. Hiyo ndiyo dhana tunayoitafuta. Protini moja katika kundi la protini zinazofanya kazi pamoja ni kiambajengo cha kundi hilo.

Neno hili lina faida nyingine. Katika sentensi si viambajengo vyote vyenye uzito sawa. "Watoto wadogo wa jirani wanalia sana leo" ni sentensi. Ondoa 'leo', bado ni sentensi. Ondoa 'sana', ondoa 'wadogo wa jirani', hata 'watoto' ukitaka, na utabaki na 'wanalia', ambayo kwa Kiswahili inasimama peke yake. Lakini ukikiondoa kitenzi, huna sentensi. Kituo cha tatu nacho kiko hivyo. Kuna bakteria ambao kituo chao kina viambajengo vitatu tu, na bado kinapitisha elektroni. Kati ya hivyo vitatu, kitenzi ni kimoja kiitwacho saitokromu b.

Jina saitokromu maana yake ni rangi ya seli, tena kwa Kigiriki. David Keilin wa Cambridge ndiye aliyelitoa mwaka 1925, alipoona kwa kifaa cha kuchambua mwanga mistari ya rangi katika misuli ya wadudu ambayo ilibadilika kadiri oksijeni ilivyotumiwa. Rangi hiyo hutoka kwa chuma kilichoshikiliwa ndani ya protini, sawa na kile kinachoifanya damu iwe nyekundu. Saitokromu b inashikilia vitu viwili vya aina hiyo, kimoja karibu na upande wa nje wa utando na kingine karibu na upande wa ndani, ili elektroni iruke kutoka kimoja hadi kingine.

Kazi yake naweza kuieleza vyema kwa kumpeleka msomaji Mau Summit. Matatu yetu ya ubikwinoni inaingia stendi na abiria wawili. Pale barabara inagawanyika: moja inashika Eldoret, nyingine inashuka Kericho na Kisumu. Abiria wa kwanza anashuka na kuchukua njia ya mbele, anapokezwa kiambajengo cha pili chenye chuma na salfa, ambacho kina shingo inayogeuka kama mtu anayepokezana ndoo, kisha cha tatu, kisha anaendelea hadi kituo cha nne. Abiria wa pili hapelekwi huko. Anapita ndani ya saitokromu b yenyewe, kutoka rangi ya nje hadi rangi ya ndani, na huko anapandishwa kwenye ubikwinoni nyingine iliyofika tupu. Wakija wawili wa namna hiyo, ile matatu ya pili nayo imejaa na inaweza kurudi stendi kuanza upya. Kwa mpango huo wa kugawanya njia, kituo kinasukuma protoni nyingi zaidi kuliko ambavyo kingefanya kama abiria wote wangepelekwa njia moja. Mitchell ndiye pia aliyeupendekeza mzunguko huu, mwaka 1975.

Nafasi ambamo matatu yenye abiria huegesha ni kijishimo ndani ya saitokromu b. Na dawa ya jirani yangu ilitengenezwa kwa ajili ya kijishimo hicho.

Dawa hiyo ni buparvakwoni, ambayo wafugaji wengi wanaijua kwa jina la biashara la Butalex. Ni ya ukoo wa kwinoni, ukoo ule ule wa ubikwinoni, kwa hiyo inafanana na matatu ya kweli kiasi cha kuruhusiwa kuingia stendi. Ikishaingia haishushi abiria wala haiondoki. Imezima injini mlangoni. Matatu za kweli zinakosa pa kuegesha, elektroni hazisongi, protoni hazisukumwi, na kimelea kinanyauka. Huko ndiko 'kuzuia upumuaji' alikokusudia daktari. Mapafu ya ng'ombe hayaguswi hata kidogo.

Msomaji makini atauliza: ng'ombe naye si ana saitokromu b? Anayo, yenye asidi amino 379 zilizopangwa kama shanga. Lakini kijishimo chake hakijachongwa sawasawa na cha Theileria. Shanga chache zinatofautiana, na tofauti hizo zinatosha kuifanya dawa ikumbatie ya kimelea kwa nguvu na kuipuuza ya ng'ombe. Uhai wa mnyama mzima unategemea shanga hizo chache.

Hapa Kenya tuna haki ya kujivunia habari hii kwa sababu sehemu kubwa yake ilifanyika kwetu. Mwaka 1976 McHardy, Haigh na Dolan waliripoti kwamba menoktoni, kwinoni ya awali, iliweza kuwaponya ng'ombe waliokuwa na Theileria parva, na majaribio ya aina hiyo yalihusishwa na Muguga, karibu na Nairobi. Menoktoni ilikuwa ghali kutengenezwa. Ikafuatwa na parvakwoni, na mwaka 1985 McHardy na wenzake, akiwamo Wekesa, wakachapisha matokeo ya buparvakwoni yaliyoonyesha kwamba ilikuwa na nguvu kuliko mtangulizi wake. Kisha mwaka 1994, watafiti wa ILRAD, taasisi ya Kabete ambayo mwaka huo huo iliungana na nyingine kuzaa ILRI, walisoma DNA ya mitokondria ya Theileria parva. Kairo, Nene na wenzao waliikuta ni fupi na imenyooka kama kijiti, yenye urefu wa takriban herufi 7,100. Ya mwanadamu ina herufi 16,569 na imejipinda duara. Protini zilizoandikwa humo ni tatu tu. Mojawapo ni saitokromu b.

Hili si jambo dogo. Viambajengo vingine vyote vya kituo cha tatu vimeandikwa katika kiini cha seli, hutengenezwa nje na kuletwa. Saitokromu b peke yake, kwa ng'ombe na kwetu sisi pia, imeandikwa ndani ya mitokondria yenyewe, kama mapishi ambayo bibi hakukubali yatoke jikoni kwake.

Nifungue mabano kidogo. Kukata pumzi ya seli si uvumbuzi wa maabara. Wavuvi wa Afrika Mashariki wamekuwa wakitwanga majani ya utupa na kuyamwaga majini ili samaki waelee. Ndani ya utupa mna rotenoni na jamaa zake, ambazo huziba kituo cha kwanza. Wafugaji wengine huyasaga majani hayo hayo na kuwaosha nayo mifugo ili kuua kupe. Sumu ya muhogo mchungu usiolowekwa vyema, sayanidi, huziba kituo cha nne. Wazee waliojua kuuloweka muhogo na kuuanika walikuwa wanalinda kituo cha nne bila kukijua kwa namba. Na neno 'utupa' lipo katika kamusi zetu tangu zamani, bila haja ya kuazima. Tumefunga mabano.

Sasa tugeukie hatari. Kwa kuwa dawa inategemea umbo la kijishimo, shanga moja ikibadilika pale kwenye mlango, dawa inaweza kushindwa kuegesha. Ndivyo ilivyotokea kwa ndugu wa karibu wa Theileria yetu. Theileria annulata, inayoenezwa na kupe wengine kuanzia Afrika Kaskazini hadi Asia, inatibiwa kwa buparvakwoni hiyo hiyo. Tunisia, Iran na Sudan, watafiti wameripoti ng'ombe waliodungwa dawa na vimelea vikaendelea, na vilipopimwa vilikutwa na mabadiliko katika jeni ya saitokromu b. Miongoni mwa mabadiliko yaliyoripotiwa ni katika nafasi ya 253, ambapo asidi amino iitwayo prolini imeng'olewa na mahali pake kukaa serini. Sudan si mbali na sisi.

Malaria inatupa mfano wa karibu zaidi kwa binadamu. Atovakwoni, binamu wa buparvakwoni, huziba kijishimo kile kile katika kimelea cha malaria. Ikitumiwa peke yake, usugu hujitokeza upesi, mara nyingi kwa badiliko katika nafasi ya 268. Ndiyo maana huuzwa ikiwa imechanganywa na proguanili katika tembe za Malarone. Hata hivyo, mwaka 2016 Goodman na wenzake walionyesha kwamba vimelea vya malaria vilivyokuwa sugu kwa njia hiyo vilishindwa kukamilisha maisha yao ndani ya mbu. Katika damu ya mtu, yenye sukari tele, kimelea kinaweza kujikongoja na kituo kibovu. Tumboni mwa mbu hakuna karamu hiyo, na kituo kinatakiwa kifanye kazi yote. Badiliko lililokiokoa kwa mtu likakiangamiza kwa mbu.

Narudi kwa lugha, maana hii ni safu ya lugha na mhariri ataniuliza. Kwa 'kiambajengo' sina shaka, na ningependa kuliona katika toleo lijalo la kamusi yoyote ya sayansi. TUKI walipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 walitupa neno 'kimeng'enya' kutokana na kitenzi kilichokuwapo, nalo limekaa vizuri kwa sababu mtu akilisikia anaona kitu kinavunjwa vipande vipande. Kwa 'upumuaji wa seli' sipendekezi tulifute. Limeshaingia vitabuni na watoto wa Tanzania wanalifanyia mtihani. Ninachosema ni kwamba nje ya darasa lisitumike peke yake. Kwa mkulima afadhali 'uvunaji wa nishati'. Najua wanakemia watalalamika kwamba oksijeni haionekani katika jina hilo. Ni kweli haionekani. Lakini mkulima anajua kuvuna ni nini, na akiambiwa kwamba dawa inamzuia kimelea asivune, hatatazama pua ya ng'ombe wake.

Na kwa kuwa wako watakaoisoma safu hii wakiwa na ng'ombe zizini, niwaachie hesabu. Kipimo cha kawaida cha buparvakwoni ni miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama, na katika chupa yenye miligramu 50 kwa mililita, hiyo ni mililita moja kwa kila kilo 20. Friesian wa kilo 400 anahitaji mililita 20. Ukimkadiria kwa macho kuwa ni kilo 300 ili chupa ikutoshe na ndama wa jirani, umempa 15, yaani robo nzima imepungua, na vimelea vinavyobaki hai ni vile ambavyo dawa inavishika kwa ulegevu. Kwa ugonjwa uliokomaa, sindano ya pili hutolewa baada ya saa 48 hadi 72. Utepe wa kupimia kifua cha ng'ombe na kusoma uzito wake unauzwa katika maduka mengi ya agroveti. Daktari anapokuja, mwombe apime kwanza mbele yako, kisha akuonyeshe alama kwenye bomba la sindano kabla hajalisukuma.